Swali la Mzee Houssein

Mzee Houssein hakuwa mtu wa fimbo. Katika maisha yake yote Swabra hakukumbuka hata siku moja ambayo baba yake alimwinulia mkono. Alichokuwa nacho baba yake ni kimya. Akichukia, alinyamaza, na kimya hicho kiliingia nyumba nzima kama baridi ya Julai, kikakaa humo mpaka mwenye kosa akatamani bora angechapwa yakaisha.

Ndiyo maana Jumamosi ile, alipomwona anashuka kwenye gari mbele ya duka la shangazi Kadidja mjini Gitega, mkoba mweusi begani, Swabra, aliyekuwa akishona humo, alijichoma sindano kidoleni.

"Baba? Muyinga kuko nini?"

"Nyumbani kuko salama. Mi nimekuja kutafuta vitambaa." Mzee alivua kofia akajipepea nayo. "Na shangazi yako ameniambia leo wanaonyesha picha za Ruvubu kwa ule ukumbi. Nikasema, bon, na mi niende nikaone mto wetu."

Shangazi Kadidja, dada yake mzee, alicheka kutoka nyuma ya cherehani. "Huyo kijana mwenye picha ni wa kwenu. Wa Buhinyuza. Nikasema kaka yangu asikose hiyo."

Swabra naye alicheka, maana ilibidi acheke. Kisha akainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka, ili wasimwone uso.

Kijana wa Buhinyuza aliitwa Nazario, naye alikuwa mpenzi wake tangu mwaka uliopita, na hakuna mtu wa nyumba yao aliyejua.

Ukumbi ule wa vijana ulikuwa na mihadhara ya wazi, Jumamosi moja kila mwezi, mlango bure kwa kila mtu. Alikwisha kuja mwanamume aliyepanda milima ya moto ya Kongo, akaonyesha picha za moshi na majivu. Alikuja mama mmoja mtengeneza filamu, Theodosia, aliyelala porini msimu mzima akiwafuata viboko, na mji ulimpenda hivi kwamba tangu siku hiyo akafanywa yeye ndiye mwenyeji wa mihadhara yote. Mapazia meusi ya kuzuia jua yalishonwa na Swabra. Siku aliyokwenda kupima madirisha alimkuta Nazario juu ya ngazi, anafunga nyaya.

"Hilo la juu utaanguka," Nazario alimwambia. "Nipe utepe nikupimie."

"Kwani wewe unajua kupima?"

"Sijui. Basi panda wewe, mimi nishike ngazi."

Alipanda. Aliposhuka, ngazi haikuwa imetikisika hata kidogo, na Swabra hakuwa yule aliyepanda. Kama mapenzi yangekuwa na adabu ya kubisha hodi, angeyafungia mlango, kwa sababu Nazario alikuwa Mkristo, mtoto wa wakulima waliokulia Tanzania wakarudi kulima ng'ambo ya vilima vya Muyinga. Kiswahili chake kilinyooka kama cha redioni. Kwa familia ya Swabra, mafundi na wafanyabiashara Waislamu wa mjini tangu enzi za babu, kijana huyo hakuwa na pa kuingilia.

Na leo ilikuwa zamu ya Nazario kusimama mbele ya watu.

Katika picha zake ilikuwamo moja ambayo Swabra aliijua. Alikuwa amekwenda Muyinga kwa Idd. Siku ya pili yake akamwambia baba anakwenda kumsalimia rafiki yake Raissa, akapanda pikipiki hadi Buhinyuza, kwa mama yake Nazario. Mama Klara alikuwa mlangoni akiambua maharage. Swabra akaketi karibu naye, wakaambua pamoja, na Nazario akawapiga picha kutoka ndani ya nyumba: migongo ya wanawake wawili, mbele yao vilima na mwanga.

"Uso wako hauonekani," Nazario alimwambia baadaye. "Usipotaka, siionyeshi."

Swabra alikubali. Baba alikuwa Muyinga, na Muyinga ni mbali.

Lakini gauni la siku ile lilishonwa na Mzee Houssein kwa mikono yake. Kitenge cha kijani chenye michoro ya manyoya ya njano, kola ya kusimama ambayo hakuna fundi mwingine aliyeikata hivyo.

Aliingia chooni, akaandika kwenye simu: *Itoe ile picha ya mlangoni. Baba yuko hapa.* Akangoja. Ujumbe haukufika. Akapiga, simu ya Nazario ilikuwa imezimwa.

"Swabra," baba aliita, "tutachelewa."

*

Ukumbi ulijaa. Shangazi alipata viti vitatu safu ya tatu, na Swabra akawekwa katikati, baba kulia, shangazi kushoto. Mbele, Nazario alikuwa amepiga magoti karibu na mashine, mgongo kwa watu. Kama angegeuka mara moja tu.

"Naenda kunywa maji," Swabra alinong'ona.

"Kaa," baba alisema kwa upole. "Wanaanza."

Mapazia yakafungwa. Swabra aliyasikia yakipita kwenye vyuma vyake, moja baada ya jingine, akajuta kwa nini aliyashona mazito vile.

Nazario alianza kuzungumza. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Alieleza jinsi alivyofuata Ruvubu kwa miguu na kwa mtumbwi. Ukutani ukapita ukungu juu ya mafunjo, wavuvi, kiboko aliyefungua kinywa, watoto waliobeba madumu. Watu wakawa wanaguna kwa raha. Mzee Houssein alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Tazama," alimwambia binti yake, akimgusa kiwiko. "Ile ni njia ya kwenda kwa bibi yako. Unaona?"

"Naona, baba."

Hakuona kitu. Kila picha ilipobadilika alifumba macho, na kila alipoyafumbua akakuta mto, akapata pumzi moja ya kumfikisha kwenye picha inayofuata.

"Mto una wenyewe," Nazario alisema gizani. "Hawa ni wenyewe."

Akaja mzee na jembe. Akaja mvulana na mbuzi. Kisha ukuta mzima ukawa kijani na njano.

Mgongo wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Kila unyoya wa kile kitenge ulionekana. Kola ilisimama shingoni, na pembeni ukaonekana mkono wake unaangusha maharage kwenye ungo wa Mama Klara.

Shangazi Kadidja alivuta pumzi kwa mshtuko, akaikata katikati.

Baba alikaza macho ukutani. Hakugeuka. Kiwiko chake, kilichokuwa kimemgusa Swabra, kikaondoka taratibu kama mtu anayeondoa mkono kwenye sufuria ya moto.

Picha ikapita. Zikaja nyingine, na mwisho mapazia yakafunguliwa, jua likaingia, watu wakapiga makofi. Mzee Houssein naye alipiga. Alipiga makofi taratibu, sawasawa, akiangalia mbele. Swabra alitamani kulia.

"Kuna maswali?" aliuliza Mama Theodosia.

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa baba yake.

Kipaza sauti kililetwa. Mzee alisimama, akavaa kofia yake kwanza, akakishika kile chombo kwa mikono miwili.

"Amahoro. Mi naitwa Houssein. Mi ni fundi wa nguo, natoka Muyinga. Picha ni nzuri sana. Niko na swali moja tu." Akakohoa. "Ule binti wa mlangoni. Kabla ya kumpiga picha, uliomba ruhusa?"

Nazario alitabasamu kumtazama muulizaji. Kisha macho yake yakashuka kwenye kiti cha jirani, yakamkuta Swabra ameinamisha kichwa, vidole vimekamata ushungi. Tabasamu likafa pale pale. Swabra alijua bila kutazama. Ukumbi mzima haukujua kitu. Wao wawili walijua.

Sasa atasema uongo, aliwaza. Atasema ni jirani, ni mpita njia. Na sehemu ya moyo wake ilimwomba aseme hivyo.

"Nilimwomba yeye, akakubali," Nazario alisema. "Mama yangu, aliyekaa naye, nilimwomba pia. Lakini kuna mtu mwingine niliyepaswa kumwomba, sikumwomba."

"Nani?"

"Baba yake."

"Kwa nini hukumwomba?"

"Nilimwogopa, mzee."

Watu walicheka. Kicheko kizuri, cha ukumbi uliofurahi. Mzee Houssein akangoja kiishe.

"Aksanti," alisema, akaketi.

*

Jumapili asubuhi walishika njia ya Muyinga, baba na binti, katika kiti cha nyuma cha taksi. Tangu ukumbini mzee alikuwa amesema neno moja tu kwake: "Utarudi na mi." Simu ya Swabra ilikuwa mfukoni. Hakunyang'anywa. Aliizima mwenyewe, kwa kuogopa isilie mbele yake.

Gari liliposimama njiani, Karuzi, baba alishuka, akarudi na mahindi mawili ya kuchoma. Akampa moja, lile nono. Swabra alilishika mpaka likapoa mkononi. Ukali angeuelewa, lakini wema ule ulimtisha, maana watu hulishwa vizuri kabla ya habari mbaya. Alijiona amefungiwa nyumbani, ameozwa kwa mtu asiyemjua, na Nazario anasimama mbele ya mapazia yake mwaka baada ya mwaka akieleza mto.

Nyumbani kaka yake, Aboubakar, alikwisha kupata habari. Shangazi alikuwa amepiga simu.

"Kwa mkristo?" aliuliza usiku walipokaa kula. "Umekaa kwa mlango ya watu, unaambua maharage kama bibi-arusi? Mbele ya Gitega nzima?"

"Aboubakar," baba alisema, "kula."

Likawa ndilo neno pekee la baba siku hiyo.

Jumatatu Swabra alipewa kazi dukani kwa baba, karibu na soko. Alijificha nyuma ya pazia la wateja kujaribia nguo, akawa anapinda pindo za suruali. Huko mbele cherehani ya baba iliimba bila kupumzika. Jua lilikuwa limepanda kidogo aliposikia sauti ya Nazario.

"Hodi. Shikamoo, mzee."

Cherehani haikusimama.

"We ni ule wa picha," alisema Aboubakar, na mkasi ukagonga meza. "Nani amekuonyesha hapa?"

"Niliuliza sokoni duka la Mzee Houssein. Kila mtu analijua."

"Basi na njia ya kurudi utaulizia huko huko. We ni mkristo, dada yetu ni mwislamu. Hakuna kitu ya kuzungumza."

Kupitia upenyo wa pazia Swabra alimwona. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi, shati limenyooshwa vizuri, mikono imebana bahasha kubwa kifuani. Alikuwa na hofu. Lakini hakurudi nyuma.

Cherehani ikanyamaza.

"Aboubakar, mpe mgeni kiti."

Kiti kililetwa kwa kukokotwa. Nazario akaketi ukingoni.

"Jumamosi ulisema unaniogopa," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na leo?"

"Leo zaidi. Jumamosi kulikuwa na watu."

Kitu kilipita kwenye uso wa mzee, kikapotea. "Mais, hata hivyo umekuja."

"Nimekuja kuomba radhi. Nimemwonyesha binti yako kwa watu kabla sijajionyesha mimi kwako. Ile picha nimeitoa. Mama Theodosia alitaka aipeleke kwenye maonyesho Bujumbura, nimemwambia siwezi mpaka nikuone wewe." Akaiweka bahasha mezani. "Hii ni nakala pekee niliyochapa. Ukitaka ichane."

Mzee Houssein aliitoa, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alivaa miwani. Akaitazama kwa muda mrefu mno.

"Ichane, baba," Aboubakar alisema.

"Unamtaka binti yangu?" mzee aliuliza, macho bado kwenye picha.

"Namtaka. Namtaka kwa ndoa."

"Na dini?"

Nyuma ya pazia Swabra alishikilia suruali ya watu kama anayeshikilia ukingo wa kisima. Swali lilikuwa limefika. Usiku wote alikuwa amemjibia Nazario kichwani, jibu moja jepesi, na kila alipolisikia lilikuwa na sauti ya uongo.

"Mzee, ningeweza kukwambia leo nitasilimu," Nazario alisema polepole. "Ungefurahi, na mimi ningempata. Lakini moyoni bado sijajua. Nasoma, nauliza. Mama yangu pia ana neno lake katika hili. Sitaki kuingia kwako kwa uongo. Nimekwisha kuingia kwa dirisha mara moja."

"Basi imeisha," Aboubakar alisema. Alimshika Nazario mkono juu ya kiwiko akamwinua. Kiti kikaanguka.

"Mwache, kaka."

Swabra hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta katikati ya duka, uzi mweupe umemning'inia kidoleni. Wanaume watatu walikuwa wanamtazama.

"Hakuna aliyenibeba," alisema. "Mi ndiye nilipanda pikipiki. Mi ndiye nilisema naenda kwa Raissa. Kama ni mtu wa kufukuzwa, si yeye peke yake."

Aboubakar alimwachia Nazario, akamgeukia baba, akingoja.

"Swabra," Mzee Houssein alisema. "Kuja hapa uone kitu."

Alikwenda. Baba aliilaza picha juu ya meza ya kukatia, akaweka kidole kwenye bega la yule msichana wa kijani.

"Unaona hapa? Nguo imelegea. Imekaa vibaya. Hata kwa ule ukuta niliona hiyo kwanza, nikasikia aibu, nikasema hii kazi mbovu ni ya nani? Halafu nikaona kola. Ni ya kwangu." Alivua miwani. "Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza hiyo tu. Mi sikosei bega. Nakupima kila Idd tangu mama yako alipotuacha. Sasa nimekosea wapi?"

Swabra aliinamia picha.

"Nikaelewa jana, ulipokuwa unatuwekea chakula. Hapa kwetu mabega yako iko juu. Saa zote iko juu, kama mtu anayengoja kuitwa. Mi nikafikiri ndivyo Mungu amekuumba, nikawa nakata nguo namna hiyo. Kumbe yanashuka. Kwa mlango ya mama wa watu, yameshuka." Aliikunja miwani. "Unaniogopa kiasi hicho, mwanangu?"

Kati ya yote aliyoyaogopa kwa siku tatu, hilo hakuliwazia. Lingekuwa jambo rahisi kusema hapana. Hapana ingemponya mzee, na ingewarudisha wote kwenye kimya chao.

"Ndiyo, baba," Swabra alisema. Machozi yakamshuka. "Tangu mdogo."

Mzee Houssein aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akakuta ni ile ile aliyoikisia. Aliinama mwenyewe, akakiinua kile kiti kilichoanguka, akakisimamisha.

"Bon," alimwambia Nazario. "Sikiliza vizuri. Sijakubali. Usiende kusema kwa watu nimekubali. Utarudi hapa Jumapili na mama yako, mchana, kwa mlango. Mi nitawaita ndugu zangu, na shehe. Tutaongea hiyo ya dini mpaka iishe. Pengine jibu litakuwa hapana. Unasikia?"

"Nasikia, mzee."

"Ikiwa hapana, utaambiwa na mi mwenyewe, kwa mdomo. Sitanyamaza." Na hapo, kwa neno hilo la mwisho, alimtazama binti yake.

"Baba," Aboubakar alianza.

"Na we utakuwepo. Utasema yako yote siku hiyo. Leo kata kitambaa."

Nazario aliaga. Mlangoni macho yake na ya Swabra yalikutana, kitambo kifupi tu, kisha akashuka ngazi za duka akapotea katikati ya watu wa soko. Hofu haikuwa imeondoka. Jumapili ilikuwa mbele yao kama mto usiojulikana kina, na upande wa pili angeweza kusimama shehe akitikisa kichwa, au Mama Klara akimshika mwanawe mkono na kumrudisha nyumbani. Swabra aliyajua hayo yote. Alirudi kwenye pazia lake, akaketi, akatafuta sindano.

Cherehani haikuimba. Baadaye kidogo baba yake aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Swabra."

"Abee, baba."

"Yule mama wa Buhinyuza. Anakunywa chai ya maziwa, ama ya rangi?"

Swabra aliweka sindano chini.

"Ya maziwa," alisema. "Sukari kidogo."